Ni Nani Mwenye Deni la Mti?

Pana neno linalosikiwa mno mabarazani kila masika yanapokawia: ya kuwa mambo ya mvua ni ya Mwenyezi Mungu, na mwanadamu hana mkono ndani yake. Nusu ya kwanza ya neno hili hapana Mwislamu awezaye kuikana. Nusu ya pili yataka kupimwa, kwani huenda mtu akaifanya pazia la kufichia shoka lake. Basi swali letu ni hili: Je, mtu huulizwa juu ya mti uliokatwa kwa ajili yake, ikiwa madhara yake hayamrudii yeye, bali yamfikia jirani asiyemjua, au mjukuu ambaye hajazaliwa?

Tuanze na khabari za wazee wetu. Watu wa miji ya pwani hii walikuwa wafanyabiashara, na biashara yao iliegemea upepo na mti. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi, na kusi ikavirudisha na pembe, ambari na boriti za mikoko. Nchi za Ghuba ni kame. Miti ya kuwekea dari ni haba huko. Al-Istakhri, aliyeandika katika karne ya 10, ametaja kuwa nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa misaji na kwa miti iliyotoka nchi ya Zanj. Maana yake ni kwamba kwa muda wa miaka elfu na zaidi watu wa ng'ambo wamelala chini ya msitu wetu.

Atazamaye nyumba za mawe za Lamu ataona vyumba virefu lakini vyembamba, upana wake ukikaribia mita 3 tu. Si kwamba mafundi hawakujua kujenga vipana. Boriti ya mkoko haikuweza kubeba dari pana kuliko hiyo. Nyumba za kale za Ghuba nazo zilikuwa hivyo hivyo. Mti ndio uliompimia mtu chumba chake, naye akaridhika.

Wala tusiwafanye wazee kuwa malaika. Kila nyumba ya mawe ilitaka chokaa, na kila tanuu la chokaa lilitaka chungu ya magogo ya kuchomea matumbawe. Yumkini baadhi ya miji yao ililipa gharama. Utazameni mji wa Gedi, karibu na Watamu. Ulikuwa na msikiti mkuu, kasri, na makaburi ambayo mojawapo limeandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Kufikia karne ya 17 mji ulikuwa umehamwa. James Kirkman, aliyeanza kuufukua mwaka 1948, alizitaja sababu za vita na mashambulio. Lakini alitaja pia kwamba huenda maji ya visima yalishuka. Hatusemi kuwa shoka peke yake liliuua mji wa Gedi. Twasema kwamba mji wa mawe huweza kusimama na kuta zake zote, usibaki mtu ndani yake, maji yakitoweka. Leo msitu umerudi na kuota baina ya kuta zile. Mti haukumhitaji mtu ili urudi.

Wataalamu wa zama zetu wametubainishia jinsi mti na hali ya hewa zinavyotegemeana. Jani hutoa mvuke, na hewa iliyo karibu nalo hupoa. Kivuli huzuia jua lisinyonye unyevu wa ardhi, na mizizi huifungua ardhi ili mvua izame badala ya kukimbilia baharini. Kwetu pwani maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, katika mwamba wenye matundu. Yakipungua ya juu, ya chini hupanda, na kisima huharibika. Hatudai kwamba mwembe mmoja huita masika, kwani masika huletwa na bahari na pepo kubwa. Lakini mvua ikishateremka, ikae au ipotee, hilo hutegemea sana kile tulichokiacha kimesimama juu ya ardhi.

Mfano uko karibu nasi. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilichukua udongo wa mashamba ya bara hadi hori ya Mwache, nyuma ya Mombasa, ukaifukia mizizi ya mikoko, na mikoko mingi ikafa. Aliyeacha shamba lake wazi huko juu hakugusa mkoko hata mmoja. Lakini mvuvi wa huku chini alipotelewa na mazalio ya samaki. Tena matope ya mikoko yameficha hewa ya ukaa iliyokusanyika kwa karne nyingi. Mikoko ikiondoka, hewa hiyo hutoka na kuzidisha joto la dunia nzima.

Huenda mtu akasema: "Mimi nimekata kumi tu, kumi zangu hazibadili dunia." Twamjibu: na yule wa pili akisema hivyo, na wa elfu je? Dhara lililogawanywa kwa watu wengi halifutiki kwa kugawanywa. Kila mtu hubaki na fungu lake.

Mwingine atasema: "Waulizeni wakataji." Hapa ndipo dhulma inapojificha. Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kupeleka boriti nje ya nchi mwaka 1982, mzigo mzito ulimwangukia mkataji wa Lamu, ambaye faida yake ilikuwa ndogo kuliko ya wote. Mwenye chombo alikuwa ameshatajirika. Na aliyelala chini ya dari hakuulizwa neno. Sisi twaona kwamba deni hufuata manufaa. Aliyefaidika zaidi ndiye mwenye deni kubwa zaidi, hata kama mkono wake haujashika shoka.

Na deni hili hulipika. Huko Gazi, kusini mwa Mombasa, wanavijiji wanahifadhi hekta 117 za mikoko tangu mwaka 2013 kwa mpango uitwao Mikoko Pamoja, na malipo wanayopata kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa yamesaidia maji na skuli. Ni jambo jema. Ila anayelipa kutoka mbali asidhani amenunua ruhusa ya kuendelea kutoa moshi.

Basi, ndugu, mwenye kujenga na aulize boriti zake zimetoka wapi, na ni nani aliyepanda badala yake. Mwenye shamba mlimani na auzuie udongo wake. Wasimamizi wa misikiti na wapande kivuli kandokando ya visima. Mvua ni rehema isiyo mikononi mwetu. Lakini chombo cha kuipokelea tumepewa sisi, na aliyekitoboa hana haki ya kulalamika kuwa kimevuja.