Askari Aliyevua Kofia

Kampuni ya Tamiya ya Japani hutengeneza vijisanamu vya askari kwa kipimo cha 1:35. Mtu wa sentimita 175 hubaki na 5 tu. Wengi wao wanalenga shabaha au wanakimbia. Lakini wapo pia waliopumzika: Wajerumani wa Vita Kuu ya Pili, wameketi juu ya kifaru, kofia wamevua.

Je, ni haki kumwonyesha mvamizi akistarehe? Rafiki yangu, aliyenionyesha picha zao, anakataa. Anayekaa usiku kucha akipaka rangi uso wa askari huyo, anasema, mwishowe atampenda, na akishampenda atasahau vijiji vilivyochomwa. Hoja hii ina uzito, maana wanakijiji hawamo ndani ya boksi.

Hata hivyo, mimi naona anayelenga ndiye tunayemsamehe upesi. Tunamwona kama mtambo, na mtambo nani ataulaumu? Aliyeketi na kikombe mkononi ana nafasi ya kufikiri. Nyumbani niliwahi kumwona askari kwenye kizuizi cha barabarani akila mahindi ya kuchoma, bunduki mapajani, akitaniana na mama muuzaji juu ya bei. Hofu yangu haikupungua. Niliona kwamba ni mtu kamili, kwa hiyo lolote atakaloamriwa jioni hiyo, akilitenda, atakuwa amekubali kulitenda.

Ila kuhusu wale wanakijiji wasiokuwamo kwenye boksi, bado sijapata la kumjibu rafiki yangu.