Macho Mekundu ya Mwokota Kuni

Somo: 1 Wafalme 17, 8–24, Matendo ya Mitume 28, 1–6



Katika Maandiko Matakatifu twasoma habari za watu wawili waliokuwa wakiokota kuni. Wa kwanza ni mjane wa Sarepta, katika nchi ya Sidoni. Wa pili ni Mtume Paulo, alipookoka baharini na kufika kisiwa cha Melita. Wengi husoma neno hilo la kuni na kulipita upesi, wapate kufika penye miujiza, yaani unga usiokwisha na nyoka asiyeweza kumdhuru mtume. Lakini mwezi huu twataka kusimama kidogo penye kuni zenyewe, kwa kuwa katika nchi ya Shinyanga na Geita kuni zimekuwa jambo la uzima na mauti.

Mtazameni kwanza yule mjane. Mvua imekatika, njaa imeenea, naye yupo langoni pa mji akiokota vijiti vichache apate kupika chakula cha mwisho, yeye na mwanawe. Hana mume wa kumpasulia gogo, wala jirani wa kumpunguzia mzigo. Nabii Eliya anamwona. Je, anamwonaje? Hamwogopi. Hamwulizi kwa nini yu peke yake. Hautazami uso wake kana kwamba kuna siri mbaya ndani yake. Anamwita kwa upole, anamwomba maji, kisha anamwomba mkate. Yaani anamheshimu kama mwenyeji wake, na Mungu anailisha nyumba nzima kwa mkono wa mwanamke huyo.

Sasa tuyaelekeze macho yetu huku kwetu. Nani aokotaye kuni katika vijiji vya Usukuma? Ni wanawake na watoto. Na katika nyumba isiyo na watoto, ni bibi kizee mwenyewe. Zamani hakwenda mbali, kwa maana pori lilikuwa karibu. Lakini tangu miaka ya 1920 mapori ya Shinyanga yalifyekwa ili kuwafukuza mbung'o. Kisha mashamba ya pamba yakaongezeka, ng'ombe wakazidi, na watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1974 na 1975, miti iliyozunguka makao mapya ilikatwa upesi. Huko Geita nako magogo hukatwa ili kuegemeza kuta za mashimo ya dhahabu, na mkaa hupelekwa mijini. Vijana wengi huenda migodini, na mama zao wazee hubaki nyumbani pamoja na wajukuu.

Kuni zikikosekana, chakula hupikwa kwa kitu chochote kipatikanacho: mashina ya pamba, mabua ya mtama, samadi kavu ya ng'ombe, au vijiti vibichi. Vitu hivi hutoa moshi mwingi na moto kidogo. Jiko ni mafiga matatu ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Mwanamke huinama hapo asubuhi na jioni tangu utoto wake hata uzee, na moshi humwingia machoni miaka hamsini, miaka sitini. Basi je, ni ajabu macho yake yakiwa mekundu?

Lakini, ndugu, mnajua yasemwayo. Wako watu wayatazamao macho hayo na kusema, Huyu ni mchawi. Mtoto akifa kijijini, au ng'ombe wakifa, watu huenda kwa mpiga ramli. Naye, asipotaja jina, hutoa dalili. Na dalili ni rahisi kuipata: mwanamke mzee, mjane, akaaye peke yake, mwenye macho mekundu. Kisha usiku huja watu wenye mapanga. Hii si hadithi. Kati ya mwaka 1970 na 1984 serikali ilihesabu watu zaidi ya 3,000 katika Tanzania Bara waliouawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa kupita zote ilikuwa ya Usukuma. Wala baada ya miaka hiyo mauaji hayakukoma. Mnamo Januari 2015 serikali iliwapiga marufuku waganga wapigao ramli, kwa kuwa damu nyingi ilimwagika kwa maneno yao, hata damu ya ndugu zetu wenye ualbino.

Hapa yatupasa kumtazama mwokota kuni wa pili. Paulo alikusanya mzigo wa kuni na kuutia motoni, awape joto wenziwe walioloa kwa mvua. Nyoka akatoka kwa sababu ya joto akamshika mkono. Mara moja watu wa Melita wakamhukumu: waliona jambo baya limempata, wakasema moyoni kwamba hakika ameua mtu. Baadaye, walipoona hakufa, wakageuka wakamwita mungu. Angalieni hukumu ya namna hiyo jinsi ilivyo nyepesi! Asubuhi muuaji, jioni mungu. Na mara zote mbili walikosea. Nyoka alitoka kwa sababu ya joto, na macho ya bibi yetu ni mekundu kwa sababu ya moshi. Jambo lenye sababu iliyo wazi mbele ya macho yetu halihitaji mpiga ramli wa kulieleza.

Mtu atauliza, Na kifo cha mtoto je? Mbona mtoto alikuwa mzima, akafa ghafula? Swali hili ni zito, wala tusilidharau, kwa maana huulizwa na mzazi mwenye uchungu. Hata yule mjane wa Sarepta aliliuliza. Mwanawe alipougua hata pumzi ikamtoka, alitafuta wa kulaumiwa: kwanza alimgeukia nabii, tena alikumbuka dhambi zake mwenyewe. Naye Eliya alifanya nini? Hakukasirika. Hakutaja jirani. Alimpokea mtoto kutoka kifuani pa mamaye, akampandisha chumbani alikolala yeye, akamlilia Mungu. Uchungu wake aliupeleka juu, kwa Bwana. Hakuupeleka nje, kwa jirani. Basi mwalimu wa kanisa aitwaye penye msiba ana kazi hiyo hiyo: apokee uchungu wa wafiwa na kuupandisha kwa Mungu, kabla haujashuka njiani na kuushika mkono wa mwenye panga.

Nasi tutafanya nini? Kwanza, tuutawale ulimi. Mkristo asicheke akisikia bibi akiitwa mchawi, wala asinyamaze. Neno lisemwalo kilabuni kwa mzaha hufika masikioni mwa kijana asiyejua mzaha. Na mzee wa kanisa akisikia kwamba mama fulani ametajwa, asingoje Jumapili. Aende siku ile ile akaketi nyumbani kwake, wote wamwone, tena awape habari wenye mamlaka.

Pili, tumpelekee kuni. Twataka neno hili lifanyike kwa mikono. Kila usharika una vijana wenye nguvu. Wakati wa kiangazi, tangu Juni hata Septemba, kabla ya mvua, wakusanye matawi yaliyoanguka na magogo yaliyokauka, wayapasue kwa shoka. Gogo nene lisiachwe zima, kwa maana gome huyazuia maji yasitoke. Likipasuliwa, upepo hupata njia. Vipande vipangwe juu ya mawe visiguse udongo, mchwa wasivile. Juu vifunikwe kwa nyasi au bati, na ubavuni paachwe wazi. Kuni kavu hujulikana: ni nyepesi mkononi, ncha zake zina nyufa, na ukigonganisha vipande viwili hutoa mlio mkali. Kuni mbichi hutumia moto wake kwanza kuyakausha maji yaliyomo ndani yake, na mpishi hupata moshi badala ya joto. Tena matawi ya mnyaa, ule wa uzio, yasitiwe katika mzigo, kwa maana utomvu wake huumiza macho vikali. Vijana hao hao watoboe ukuta karibu na paa, moshi upate kutoka. Na macho yanayouma yatazamwe na mganga wa hospitali, kwa maana uko pia ugonjwa wa vikope, nao una dawa.

Tatu, tuyatunze mapori. Shinyanga imeonyesha kwamba nchi iliyochakaa yaweza kupona. Tangu mwaka 1986 hata 2004 kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga iliwasaidia wenyeji kuzirudisha ngitili, yaani zile sehemu za malisho na miti ambazo wazee wa Kisukuma walizifunga tangu zamani. Mwanzoni zilizojulikana zilikuwa kama hektari 600 tu. Baadaye zilikadiriwa kupita 300,000. Nyingi hazikupandwa, visiki vilivyo hai vilizuiliwa visikatwe wala kuliwa, vikachipuka vyenyewe. Katika vijiji vyenye ngitili nzuri akina mama walipunguziwa safari ya kuni. Torati iliwaagiza Waisraeli kuwaachia wajane na yatima masazo ya mavuno. Basi sisi na tuwaachie wazee kuni zilizo karibu, na wenye miguu imara waende mbali.

Tunajua ya kwamba mwaka 2024 serikali ilitoa mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, nasi twaufurahia. Lakini mtungi wa gesi haujafika katika kila kijiji, na bibi atapika jioni ya leo. Kwa hiyo mzigo wa kuni kavu ulioachwa mlangoni pake si kitu kidogo. Humpunguzia moshi, humpunguzia safari. Tena huwaambia watu wote wapitao njiani kwamba mama huyu ana watoto, na watoto hao ni kanisa. Mwuaji huchagua nyumba isiyotembelewa na mtu. Nyumba ambayo vijana huingia na kutoka wakichukua kuni si nyumba ya kuvamiwa kwa urahisi.

Bwana wetu mwenyewe alihukumiwa kwa ushuhuda wa uongo, wakasema kwamba ana pepo. Yeye ajua maana ya kutajwa bila hatia. Tena baada ya kufufuka aliwasha moto wa makaa pwani ya bahari ya Tiberia, akawapikia samaki wanafunzi wake waliochoka. Mikono yenye alama za misumari haikuona haya kushika kazi ya jikoni. Basi na sisi tusione haya kubeba mzigo wa kuni kwa ajili ya mama mzee. Na tukimkuta ameinama mbele ya mafiga, tumtazame kama Eliya alivyomtazama mjane, tumsalimu kwa heshima, tuketi, tuombe maji ya kunywa.

Bwana Mungu, Baba wa wajane, uwalinde mama zetu usiku na mchana. Uwafariji waliofiwa, uzuie mikono imwagayo damu, utufundishe kuwapenda jirani zetu kwa kazi na kweli. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.