Mzee akisahau, tumuondoe kwenye kiti?

Kwetu Keshero mahari haipangwi bila mzee kukaa kwenye kiti. Yeye ndiye anashika hesabu: ng'ombe wangapi walitoka, mbuzi gani bado ni deni, nani alikuwa shahidi. Sasa mzee huyo akianza kusahau, tufanye nini?

Swali hili lilitufikia nyumbani. Baba yangu mkubwa alitaja ng'ombe wanane mbele ya wakwe, na tulikuwa tumepatana sita. Wakwe wakanyamaza, sisi tukatazama chini. Siku ingine akamwita mtoto wake wa kwanza kwa jina la ndugu yake marehemu. Ndipo tukakuta chini ya kitanda chupa za dawa ya "nguvu", zile wanatembezaka sokoni. Nilipomuuliza, akajibu kwa sauti ndogo: "Mwalimu, nguvu ya mwanaume ikiisha, na akili inaenda nayo. Nilitaka kurudisha vyote pamoja."

Tusimcheke. Mwaka wa 1889, huko Paris, mwanasayansi mkubwa Brown-Séquard, mzaliwa wa kisiwa cha Morisi, alijidunga sindano za maji ya korodani za mbwa na simbilisi. Alikuwa na miaka 72. Aliwaambia wenzake kwamba nguvu na akili vimemrudia. Baadaye ilionekana kwamba maji yale hayangeweza kufanya kazi hiyo: alijidanganya kwa matumaini.

Kweli, homoni ya kiume, testosteroni, inashuka polepole mwanaume akipita miaka 30 au 40, karibu asilimia 1 kwa mwaka. Lakini mwaka wa 2017 walitangaza kule Marekani matokeo ya wanaume 493 wa miaka 65 na zaidi, wenye homoni ya chini na kumbukumbu iliyoanza kupungua. Nusu walipaka testosteroni, nusu mafuta matupu. Mwaka ukaisha, kumbukumbu zao hazikutofautiana. Tansio, sukari na pombe vinaharibu ubongo, na hivyo vinapimwa ao vinaachwa. (Pombe, tunapenda kuiruka tukihesabu!) Zile chupa za sokoni, nani anajua ndani mna nini?

Mimi naona kosa liko mbali zaidi ya dawa. Kama heshima ya mzee ingetoka kwenye nguvu za kiume, mababu wangeweka kijana wa miaka 20 kwenye kiti. Walimweka mzee kwa sababu ameona mengi, tena hashindani tena na mtu kwa ajili ya mwili wake. Ni sisi tulimfundisha kwamba kupungua huku ni kupungua kule, na haya ikamfunga mdomo asiende kupimwa.

Shangazi alitaka tumuondoe. "Kumwachia kiti ni kudanganya wakwe," alisema, na alikuwa na haki upande huo. Kwa hiyo tulienda kwanza kwa wakwe, tukawaambia wazi: hesabu iko kwenye daftari, pande zote mbili zitatia sahihi. Walikubali bila maneno mengi. Kumbe kwao pia kuko mzee.

Jumamosi iliyofuata, mpwa wangu aliketi nyuma yake na daftari magotini. Akamnong'oneza: "Sita, Baba." Mzee akakohoa kwanza, kama zamani, halafu akasema: "Ng'ombe sita."