Koki Isiyo na Mwenyewe

Vespa za zamani, zile za bati zilizoanza kutoka kiwandani Pontedera, Italia, mwaka 1946, zilikuwa na koki ya mkono chini ya kiti: funga, fungua, akiba. Mwenye nayo alijua kwamba safari haijaisha mpaka koki imefungwa. Injini zile zilikuwa za kuchanganya oili na petroli, na petroli ikivuja usiku kucha hujaa kwenye chumba cha kranki. Asubuhi mtu hupiga kiki mpaka shati likalowa. Sindano ya kabureta haikuachiwa kulilinda tangi zima peke yake.

Skuta za siku hizi, ambazo Unguja bado tunaziita vespa hata zikitoka China, nyingi zimempunguzia mwendeshaji kazi hiyo. Chini ya tangi kuna koki isiyoshikwa na mkono. Ndani yake mna kiwambo cha mpira na springi ndogo, na ubavuni hutoka kijipira chembamba kinachokwenda hadi kwenye manifoldi. Injini ikizunguka, pistoni huvuta hewa. Mvuto ule hukisogeza kiwambo na petroli ikapita. Injini ikizimwa, springi hukirudisha kiwambo mahali pake na njia ikafungwa. Hakuna wa kusahau.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Mwanakwerekwe alikuwa nayo ya namna hiyo, ya cc 150. Ikaanza vitimbi. Ikilala siku mbili tatu haiwaki mpaka betri inakaribia kuisha, na akiivuta resi barabara kubwa hukohoa kama inayoishiwa mafuta. Fundi wa mtaani alichomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, akazungusha stata, akaona petroli inadondoka kwa matone.

"Koki imekufa, Mwalimu. Hizi za kuvutwa na hewa zina maradhi mengi. Nikuwekee ya mkono, upumzike."

Kazi ya mikono aliifanya vizuri, lazima tumpe haki yake. Hata lile tundu la manifoldi lililobaki wazi aliliziba kwa kipande cha mpira, bolti na klipu. Wapo wanaoliacha hivihivi: hewa ikaingia kwa mlango wa nyuma, mchanganyiko ukawa na petroli haba, sailensa ikapanda yenyewe na injini ikachemka. Wapo pia wanaoifunga koki ya mkono kwenye skuta yenye tangi chini ya miguu, ambako petroli haiwezi kushuka yenyewe na kinachoipandisha ni pampu inayoendeshwa na mvuto huohuo. Huyu alijua anachokifanya.

Vespa ikawaka kwa mguso mmoja. Mwalimu akalipa, akashukuru, na mtaa mzima ukasifu. Lakini dawa iliyofanya kazi haithibitishi ugonjwa uliotajwa. Koki ya mkono ikiwa wazi, petroli humiminika kwa uzito wake tu, bila kungoja mvuto, na bakuli la kabureta hujaa kabla stata haijaguswa. Ingewaka hata kama ile koki ya kwanza ilikuwa nzima.

Kilichobadilika bila kutajwa ni kwamba kazi ya springi alipewa mwalimu. Yeye hakuiona nzito. Ujanani aliendesha zile za bati, na mkono wake ulirudia desturi yake siku ileile: anazima, anainama, anafunga. Alipokwenda Pemba kwenye msiba alimwachia ufunguo mtoto wa dada yake, na wasia juu: asipakie watu wawili, asiiache nje usiku, atie petroli kabla haijaisha. Koki hakuitaja. Kwake ilikwisha kuwa kama kuvua viatu mlangoni.

Kijana akaiingiza vespa ukumbini kama alivyoambiwa, akazima, akalala.

Sasa kumbe sindano ya kabureta ilikuwa mbovu siku nyingi. Ncha yake ilikwisha kulika na haikai sawasawa kwenye kitako chake, lakini kwa kuwa koki ya kwanza ilikuwa ikifunga njia kila injini inapozimwa, ubovu ule haukupata nafasi ya kujionyesha. Usiku ule ukapata. Boya lilielea juu kama kawaida, sindano haikuziba, bakuli likafurika. Kabureta nyingine zina kijibomba cha kumwaga ziada chini, na mtu huliona doa sakafuni mapema; hii haikuwa nacho. Petroli nyingine ikachuruzika upande wa chujio la hewa, nyingine ikateremka kwenye manifoldi, ikaikuta vali ya kuingizia iko wazi, ikaingia silinda, ikapenya kwenye ringi hadi kwenye oili.

Aliyeinusa kwanza ni bibi wa nyumba ile, alfajiri, kiberiti mkononi na seredani mbele yake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni kutafuta moto. Moto haukuwashwa, na hilo peke yake ni la kushukuru kuliko yote yaliyofuata. Milango ikafunguliwa, vespa ikasukumwa nje.

Kijana akabonyeza stata. Ikagota. Petroli haishindiliki kama hewa, na pistoni iliyokutana nayo kwenye silinda ama husimama ama huvunja kitu. Hapo ilikuwa ni kufungua plagi na kuita mtu. Yeye alingoja, akabonyeza tena na tena mpaka ikazunguka, ikatoa wingu la moshi, ikawaka. Akaenda zake Bububu, na kesho yake tena. Kijiti cha kupimia oili hakukigusa. Injini kama ile hubeba oili isiyotimia lita moja. Ikichanganyika na petroli huwa nyepesi, haishiki tena kwenye chuma. Mwalimu aliporudi aliikuta inagonga.

Fundi wa pili alichomoa kijiti: oili imepanda juu ya alama, inanuka petroli. Kemshafti imechubuka, konrodi ina mchezo. Mjomba na mpwa wakaanza kulaumiana pale pale gerejini.

"Hukufunga koki!"

"Koki ipi, mjomba?"

Kuhamia koki ya mkono si dhambi, na mimi simlaumu anayeitaka. Lakini abadilishe sindano kwanza, na kila anayekabidhiwa ufunguo akabidhiwe na koki, aonyeshwe kwa kidole, aifunge mwenyewe mbele ya mwenye mali.

Fundi wa pili aliuliza swali ambalo wa kwanza hakuliuliza: ile koki ya zamani ilikuwa na nini? Ikafuatwa, ikapatikana ndani ya mkebe wa spea chakavu. Akachomeka bomba la sindano la hospitali kwenye tundu la kijipira, akamimina petroli kidogo juu. Akivuta, inapita. Akiachia, inafunga, wala haitoi hata tone. Kiwambo kizima. Kilichokuwa kimepasuka ni kijipira chenyewe, upande wa manifoldi, pale kinapopata joto na kukakamaa, na mvuto ulikuwa unapotelea kwenye ufa ule kabla haujafika kwenye koki. Akakata kipya, urefu wa shibiri moja na kidogo, akakiambatanisha na sindano mpya ya kabureta kwenye hesabu ya kranki na kemshafti.