Deni, Wala Si Hisani

Sokwe aliyetekwa angali mchanga, akafungwa mnyororo, hakusahau njia za msitu. Hakupata kufundishwa, maana mama, aliye mwalimu wake, kwa kawaida huuawa ili mtoto apatikane. Basi, atolewapo kizimbani, arudishiwe nini?

Mwaka 1993 makao ya Sweetwaters, Ol Pejeta, nchini Kenya, yalianza kupokea yatima wa namna hiyo kutoka Bujumbura, Burundi, nchi iliyoingia vitani mwaka huo. Kenya haina sokwe wa mwituni. Hapo walipata tiba, miti na wenzao. Lakini ua ulibaki, na sokwe huweza kuishi zaidi ya miaka 50.

Wako wasemao kuwa ua huo ni gereza la pili. Wana haki ya kuuchukia, si ya kuubomoa: asiyejua kujitafutia, akiachwa huru, ameachwa afe. Wengine huyaita malezi hayo hisani. Hao nawapinga zaidi. Arudishaye nusu ya kilichoibwa hasifiwi kwa ukarimu. Kweli, mwokozi siye mtekaji. Lakini wote wawili ni wanadamu, na deni la jamaa huwafikia jamaa. Dawa ya deni ni kulipa, hata lisipokwisha.