Mchezo Uingiapo Mwilini

Pale Tosamaganga, mkoani Iringa, mgonjwa afikapo hospitali huufungua mwili wake bila kinyongo. Hukubali kipimajoto, hutoa damu, humwonyesha daktari hata asichowahi kumwonyesha mzazi. Hatuoni aibu katika jambo hilo, maana aingiaye ameingia kwa ajili ya uponyaji, naye amefungwa na ahadi ya kutunza siri. Je, abishaye hodi akiwa si tabibu bali ni mchezo?

Swali hili si la kubuni. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha RMIT, mjini Melbourne, Australia, walieleza mchezo uitwao Guts Game. Wachezaji wawili humeza kila mmoja kidonge chenye kihisi, yaani kidude kipimacho joto la ndani ya mwili na kupeleka habari zake nje. Kisha hushindana kulipandisha au kulishusha joto hilo, kwa mfano kwa kunywa maji ya moto au ya baridi, mpaka kidonge kitoke kwa njia ya haja kubwa. Wanafunzi watacheka hapa; nasi tulicheka.

Wako watakaouita upuuzi mtupu. Hatuafikiani nao. Bao limefundisha hesabu vizazi vingi, na kijana aliyeona tumbo lake likipoa huenda akaielewa fiziolojia kuliko aliyenakili mchoro ubaoni. Tunachotilia shaka ni mlango wa kutokea. Katika vitendawili, aliyeshindwa hutoa mji, akapewa jibu, mambo yakaisha. Mcheza bao akichoka huinuka. Aliyemeza kidonge hawezi kuinuka: aweza kuiweka simu kando, lakini kidonge kingali kinampima tumboni. Kwa hiyo mbunifu wa mchezo wa namna hii ana wajibu wa kumweleza mchezaji hayo kabla hajameza, na wa kukifanya chombo kinyamaze mara mchezaji asemapo basi.

Kuna na suala la nani ashike vipimo. Si mbali na Tosamaganga, huko Kalenga, limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyefariki mwaka 1898 na kichwa chake kikachukuliwa na Wajerumani. Mwaka 1953 Gavana Twining alilichagua miongoni mwa mafuvu mengi katika makumbusho ya Bremen, akilinganisha vipimo; likarejeshwa 1954. Watu wa Iringa wanajua, basi, jinsi mwili wa mtu uwezavyo kugeuzwa tarakimu mikononi mwa wageni.

Joto la tumbo la kijana si fuvu la mtwa, twakiri. Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka habari za afya katika taarifa nyeti. Alama za mchezo zitokanazo na joto hilo ni habari za afya, au ni alama tu? Tungependa walimu walifikishe swali hili darasani kabla kidonge chenyewe hakijafika.