Baleti ukubwani

Mtu mzima wa Bungu akitaka kuanza baleti aende wapi? Kibiti sijaona darasa. Bagamoyo kuna TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ila ile ni shule ya taaluma.

Haya, tuseme darasa limepatikana. Jukwaani hatapanda kamwe. Ni sawa kumaliza nauli na jioni zako kwa jambo ambalo hutalimudu? Nasema ndiyo. Ngomani kwetu bibi wa miaka 70 huingia uwanjani, hakuna anayemdai cheti. Baleti ina wakaguzi tangu 1661, Louis XIV alipowateua mabingwa 13 waiwekee dansi kanuni. Lakini tusiwacheke Wafaransa: siku hizi hata harusini wanacheza waliolipwa, sisi wengine tumeshika simu.